Kuchuja Mashapo Yenye Metali Nzito kwa Kitambaa cha Jiotekstaili: Mwongozo Kamili

Tundu la jiotekstaili, yaani kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachoshonwa kuwa mifuko ya kukamulia tope, kwa kawaida lina upana wa takriban milimita 0.4, ilhali chembe ya mfinyanzi iliyobeba risasi au kadmiamu haifiki milimita 0.002. Kwa kipimo hicho, chembe mia mbili zaweza kupita katika tundu moja zikiwa zimepangana bega kwa bega. Anayenunua kitambaa akidhani amenunua chekeche la kuzuia metali atashangaa siku ya kwanza ya kazi, pale maji meusi yatakapobubujika kila upande wa mfuko.

Kinachochuja hasa ni ukoko, yaani tabaka la tope linaloshika upande wa ndani wa kitambaa muda mfupi baada ya mfuko kuanza kujazwa. Kazi ya kitambaa ni kuushikilia ukoko huo, kubeba uzito wa tope na kuruhusu maji yatoke. Ukoko wenyewe haujitengenezi vizuri kwa tope laini, bali hutegemea chembe ndogo zigandishwe kwanza kuwa mabonge. Tena kuna metali ambayo haipo katika chembe yoyote kwa sababu imeyeyuka majini, na hiyo haizuiwi na kitambaa wala ukoko. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla mfuko haujatandazwa.

Hatua ya kwanza: kuyajua mashapo

Chukua sampuli katika sehemu kadhaa za eneo na katika vina tofauti, kwa kuwa uchafuzi wa metali hulala kwa matabaka na tabaka la juu mara nyingi si chafu kuliko yote. Vitu vya kupima ni kiasi cha kila metali kwa kilo ya tope kavu, mgawanyo wa ukubwa wa chembe, kiasi cha mabaki ya viumbe, pH (kipimo cha utindikali), salfaidi (misombo ya salfa) na asilimia ya yabisi, yaani sehemu ya tope isiyo maji.

Asilimia ya yabisi hupatikana kwa kupima uzito wa tope bichi, kulikausha katika joko la nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena, kisha kupima upya. Tope lililokaushwa hivyo lisitumike kupimia zebaki, kwa kuwa sehemu ya zebaki hupotea hewani kutokana na joto. Itengewe sampuli yake mbichi.

Mgawanyo wa chembe unaweza kupunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Metali nzito hupenda kushikamana na mfinyanzi, oksaidi za chuma na mabaki ya viumbe, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo wake huwa katika chembe zilizo chini ya mikromita 63 (milimita 0.063). Mchanga mara nyingi huwa na metali kidogo. Ikiwa nusu ya mashapo yako ni mchanga, utenganishe kwanza kwa chekeche au kwa kuuacha uzame, kisha uupime peke yake; si ajabu ukakuta kwamba nusu nzima ya mashapo haikuhitaji mfuko. Uchafuzi uliotokana na vipande vya metali au mabaki ya uyeyushaji wa madini ni jambo jingine, kwa sababu hapo hata chembe kubwa huwa chafu, na ni vipimo tu vitakavyokueleza.

Salfaidi inahitaji kuangaliwa kwa makini. Katika tope lililokaa chini ya maji bila oksijeni, metali kama kadmiamu, zinki, shaba na risasi huwa zimefungwa na salfaidi na hazisogei. Tope hilo likitolewa na kuachwa hewani, salfaidi hukutana na oksijeni, tindikali huzalika, pH hushuka na metali huachiliwa. Kwa hiyo tope lililokuwa salama kiasi chini ya mto linaweza kuwa hatari zaidi likiwa juu ya ardhi, na anayelisogeza ndiye anayelibadilisha. Ili kulijua mapema, tandaza kilo moja au mbili za tope kwenye sinia, liache hewani wiki mbili ukilinyunyizia maji safi na kuligeuza, huku ukipima pH kila baada ya siku chache. Kama pH inaporomoka, tangu sasa weka chokaa au mawe ya chokaa yaliyosagwa katika mpango wako, na panga kulifunika tope mapema.

Hatua ya pili: hesabu ya yabisi na maji

Watu wengi huagiza mifuko kwa kuangalia ujazo wa tope lililopo chini ya maji. Hesabu sahihi hufuata yabisi kavu, kwa sababu ndiyo pekee isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mfano wa mita za ujazo 500 za mashapo yenye asilimia 40 ya yabisi kwa uzito. Kama uzito wa chembe ni tani 2.6 kwa mita ya ujazo, mashapo hayo yatakuwa na takriban tani 663, na ndani yake tani 265 za yabisi kavu. Pampu haiwezi kuyasukuma yakiwa mazito hivyo; yakichanganywa na maji hadi yabisi iwe asilimia 8, utapata uji wa tope wa tani 3,300 hivi, sawa na mita za ujazo 3,150. Baada ya kukamuka hadi asilimia 50 ya yabisi, kitakachobaki ndani ya mifuko ni tani 530, yaani mita za ujazo kama 367. Tofauti yake, karibu mita za ujazo 2,790 za maji, itatoka kupitia kitambaa, na kila lita yake ni jukumu lako.

Kwa ukubwa wa mfuko, ule wenye mzingo wa mita 14 ukijazwa hadi kimo cha mita 2 hubeba takriban mita za ujazo 10 kwa kila mita ya urefu. Kwa mfano wetu, mita 37 za mfuko zingetosha kwa hesabu ya kwenye karatasi. Mimi ningeagiza mifuko miwili ya mita 25 kila mmoja. Mmoja hukamuka wakati mwingine unajazwa, na nafasi inayozidi hufidia tope litakalogoma kufikia asilimia 50.

Hatua ya tatu: kuchagua kitambaa

Kwa mifuko mikubwa inayojazwa kwa pampu, kitambaa cha polipropilini kilichofumwa ndicho cha kawaida, kwa kuwa kina nguvu ya kuhimili mvutano na hupitisha maji haraka. Kitambaa kisichofumwa, kinachofanana na blanketi, kina matundu madogo zaidi na huanza kutoa maji safi mapema, lakini chembe hunasa katikati ya unene wake na kukiziba, na nguvu yake ni ndogo. Kinafaa kwa vifuko vidogo na kwa vichujio vya fremu.

Muulize muuzaji ukubwa wa tundu uliopimwa kwa kiwango kinachojulikana, kama ASTM D4751 au ISO 12956, pamoja na kasi ya kupitisha maji, nguvu ya kitambaa na nguvu ya mshono. Nguvu ya mshono isisahaulike, kwa sababu mshono huwa dhaifu kuliko kitambaa chenyewe na mfuko uliojazwa kupita kiasi huanza kupasuka hapo. Usivutwe na kitambaa chenye matundu madogo kuliko vyote sokoni. Kitaziba, na chembe za mfinyanzi zisizogandishwa zitaendelea kupita.

Hatua ya nne: majaribio ya ndoo

Ukilazimika kuruka hatua moja katika mwongozo huu, isiwe hii. Unahitaji ndoo ya uji wa tope wenye asilimia ileile ya yabisi itakayotoka kwenye pampu, aina tatu au nne za polima (kemikali ya kugandisha chembe kuwa mabonge), vikombe viwili vya lita moja na nusu, bomba la sindano lenye alama za mililita, faneli na vipande vya kitambaa unachokusudia kununua.

Anza na maji, kabla ya polima. Acha uji wa tope utulie, chota maji ya juu, yapitishe katika kichujio cha mikromita 0.45 na uyapeleke maabara yapimwe metali iliyoyeyuka. Kama ipo kwa kiwango kisichokubalika, lazima igeuzwe kuwa chembe kabla ya kuchujwa, na njia ya kawaida ni kupandisha pH kwa chokaa. Kila metali ina pH yake. Kromiamu ya aina ya tatu huganda vizuri karibu na 7.5 hadi 8.5, shaba karibu na 8 hadi 9, zinki na risasi karibu na 9 hadi 10, na kadmiamu huhitaji zaidi ya 10. Ugumu ni kwamba kromiamu, zinki na risasi huyeyuka tena pH ikizidi mno, kwa hiyo tope lenye mchanganyiko halina pH moja inayoziridhisha zote. Jaribu pH tatu au nne tofauti na uchague kwa majibu ya maabara, si kwa majedwali. Aseniki hushikwa vizuri zaidi na chumvi za chuma, kama kloridi ya feri, kuliko na chokaa pekee. Kromiamu ya aina ya sita haigandi kwa chokaa hata kidogo mpaka igeuzwe kwanza kuwa ya aina ya tatu.

Sasa polima. Tayarisha myeyusho wa asilimia 0.2, yaani gramu 2 za unga kwa lita ya maji safi. Nyunyiza unga polepole huku ukikoroga, la sivyo utapata vinundu vyeupe vinavyoteleza kama macho ya samaki, navyo havitayeyuka tena. Koroga taratibu, uache kwa muda wa saa moja ili minyororo ya polima ijikunjue.

Mimina lita moja ya uji wa tope katika kikombe, ongeza mililita 5 za myeyusho, kisha hamisha mchanganyiko kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara sita hivi. Tazama. Polima isiyofaa haibadilishi chochote zaidi ya kulifanya tope liteleze. Inayofaa hubadilisha sura ya uji mbele ya macho yako: kwanza huonekana kama umekatika, halafu mabonge yenye ukubwa wa punje za mtama hujitenga na maji ya katikati yake huanza kung'aa. Endelea kuongeza mililita 5 kila mara mpaka maji yawe maangavu, halafu uendelee kidogo kupita hapo kwa makusudi ili uione dozi iliyozidi: mabonge huwa makubwa na yenye utelezi, na maji hukataa kupita katika kitambaa. Ni vizuri ukalifahamu kosa hilo ndoo ikiwa mkononi kabla ya kukutana nalo katika mfuko wa mita 25.

Kwa uji wetu wa asilimia 8, lita moja ina gramu 84 za yabisi, kwa hiyo mililita 42 za myeyusho huu ni sawa na kilo 1 ya polima kwa tani ya yabisi kavu. Kama hiyo ndiyo dozi yako, tani 265 zitahitaji kilo 265 za polima.

Mwisho wa jaribio, tandika kitambaa kilicholowa ndani ya faneli, mimina tope lililogandishwa na uandike kiasi cha maji kilichotoka baada ya sekunde 30, dakika 1, 5 na 10. Pima ukungu wa maji hayo na metali zake, ile ya jumla na ile iliyoyeyuka. Kama kazi ni kubwa, shona kifuko cha kitambaa hichohicho, kining'inize, kijaze na ukiache kikamuke siku kadhaa, ili ujue tope litafikia asilimia ngapi ya yabisi.

Kuhusu aina ya polima, zile zenye chaji chanya hufanya kazi vizuri kwa matope mengi yenye mabaki ya viumbe, lakini mabaki yake majini ni sumu kwa samaki. Kama maji yatarudi mtoni na polima yenye chaji hasi au isiyo na chaji inatoa matokeo yanayokaribiana, chagua hiyo.

Hatua ya tano: kitanda cha mifuko

Sawazisha ardhi, tandika karatasi nene ya plastiki isiyopitisha maji, ya unene wa kama milimita 1.5, inua kingo zake kuwa tuta pande zote, kisha weka juu tabaka la changarawe laini au mkeka wa kupitishia maji. Mteremko uwe mdogo sana na uelekee upande wa urefu wa mfuko, kuishia kwenye kisima cha kukusanyia maji. Upande wa upana pawe sawa kabisa. Mfuko uliojaa nusu ni duara laini lenye mamia ya tani, na ukipata mteremko wa ubavuni utabiringika, wala hakuna nguzo itakayousimamisha. Tuta na kisima vipimwe kwa mvua pia, kwa kuwa mvua inayonyesha juu ya kitanda huhesabiwa kuwa maji machafu.

Hatua ya sita: kujaza

Weka chujio la nondo kabla ya pampu ili kuzuia mawe, vijiti na mabati. Chokaa au chumvi ya chuma iingizwe kwanza, na polima iingizwe mwisho, karibu na mfuko, baada ya pampu zote; ikipitia ndani ya pampu, mabonge yatasagwa. Acha mita kadhaa za bomba lenye kona chache ili polima ichanganyike, na uweke koki ndogo kabla tu ya mdomo wa mfuko. Kila baada ya dakika 15 mtu achote kikombe hapo na kulinganisha mabonge na yale ya jaribio la ndoo. Asilimia ya yabisi inayotoka kwa mashine ya kuchimbua tope hupanda na kushuka siku nzima, na dozi iliyokuwa sahihi asubuhi inaweza kuwa mara mbili ya inayotakiwa ifikapo adhuhuri.

Maji ya mwanzo yatakuwa machafu kwa sababu ukoko haujashika. Yasielekezwe nje; yarudishwe kwenye tangi la mwanzo mpaka yawe maangavu.

Kabla ya kuanza, simika vigingi viwili na ufunge kamba kwenye kimo cha mwisho alichotaja mtengenezaji. Mfuko ukigusa kamba, pampu inazimwa, hata kama limebaki tangi moja tu kumaliza kazi ya siku. Uache ushuke, kisha ujaze tena. Mfuko mmoja hujazwa mara kadhaa kabla haujakataa. Ukiona unashuka polepole kuliko jana, zima pampu na upige uso wa nje kwa fagio laini na maji. Hilo lisiposaidia, angalia dozi ya polima kabla ya kukilaumu kitambaa. Usitoboe mfuko kwa namna yoyote, na mtu asisimame wala kutembea juu ya mfuko unaojazwa.

Wafanyakazi wavae glavu zisizopitisha maji, miwani na buti, wasile wala kuvuta sigara ndani ya eneo, na nguo za kazi zisiende nyumbani. Tope lenye salfaidi hutoa hidrojeni salfaidi inayonuka kama mayai viza, na ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo harufu kutoweka ghafla si dalili ya usalama. Visimani na matangini tumia kipimo cha gesi.

Hatua ya saba: maji yanayotoka

Maji maangavu yasikudanganye. Chukulia tope lenye miligramu 2,000 za risasi kwa kilo. Maji yaliyobaki na miligramu 50 tu za chembe kwa lita yatabeba miligramu 0.1 ya risasi kwa lita, mara kumi ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maji ya kunywa, ambacho ni miligramu 0.01. Na zinki iliyoyeyuka haionekani kabisa; maji yake hung'aa kama ya chemchemi.

Kwa hiyo pima metali ya jumla na metali iliyoyeyuka kila mara. Sampuli ya metali iliyoyeyuka ichujwe kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.45, ndipo iongezwe tindikali ya naitriki hadi pH iwe chini ya 2. Akigeuza mpangilio huo, mpimaji huziyeyusha chembe ndani ya chupa na kuleta jibu la kutisha lisilo la kweli. Vibali vingi vya kutiririsha maji hutaka pH kati ya 6 na 9, hivyo maji yaliyopandishwa hadi 10 yatashushwa. Yashushwe baada ya kutenganishwa na chembe zote, hata ikibidi yapite kwanza kwenye kichujio cha mchanga, kwa sababu chembe za haidroksaidi zilizobaki, yaani metali iliyogandishwa na chokaa, zitayeyuka tena pH ikishuka.

Hatua ya nane: tope lililobaki

Kukamuka huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Polipropilini huharibiwa na jua, kwa hiyo mfuko utakaokaa muda mrefu ufunikwe. Kwa tope lenye salfaidi, kifuniko hicho pia huzuia hewa na mvua kulifikia.

Kabla ya kuukata mfuko, chukua sampuli na ufanye jaribio la kuchuruza metali, yaani kupima ni metali kiasi gani hutoka kwenye tope na kuingia majini. Katika utaratibu wa Marekani uitwao TCLP, taka huhesabiwa kuwa hatari ikiwa maji ya jaribio yana miligramu 5 za risasi, 1 ya kadmiamu, 5 za aseniki, 5 za kromiamu au 0.2 ya zebaki kwa lita. Nchi nyingine zina taratibu zao, na ndizo zinazotawala mahali hapo. Tope linaloshindwa linaweza kuchanganywa na saruji au chokaa, ila zinki nyingi huchelewesha saruji kushika, na pH ya juu mno huweza kuiyeyusha risasi iliyokuwa imetulia, kwa hiyo na hapo ndoo hutangulia. Tope hili lisipelekwe shambani, na lisifyatuliwe matofali.

Kuna njia nyingine, ya kuiacha mifuko palepale na kuifukia kwa kudumu. Ndivyo ilivyofanyika kwa mashapo yenye zebaki ya ziwa Onondaga (Onondaga Lake) katika jimbo la New York, Marekani, ambako kati ya 2012 na 2014 takriban mita za ujazo milioni 1.7 zilisukumwa kwa bomba hadi kwenye mifuko ya jiotekstaili iliyolazwa juu ya kitanda kisichopitisha maji, kisha ikafunikwa. Njia hiyo hutaka kitanda kilichojengwa kwa ajili ya miongo mingi, pamoja na mtu wa kupima maji ya chini yake kwa muda huohuo.

Ikiwa tope linaondolewa, kitambaa kilichokatwa huenda pamoja nalo, kwa kuwa ukoko ulioshika ndani yake hautoki kwa kuoshwa. Changarawe ya kitanda ipimwe kabla ya kutumika kwingine, na kisima cha maji kikaushwe mwisho kabisa, baada ya karatasi ya plastiki kusafishwa na maji yake ya mwisho kupimwa kama yale ya kwanza.